Tumemlipia mama meli ya mto Rhine, sasa nasikia abiria wanatapika

Shikamoo Anti,

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, naishi Mannheim, Ujerumani, huu mwaka wa saba. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naandika nikiwa kwenye tramu, kwa hiyo unisamehe nikirukaruka.

Mama yetu ametimiza miaka 71. Alikuwa muuguzi Kigoma mpaka alipostaafu. Watoto wake watatu, yaani mimi, kaka wa Dar na dada aliyebaki nyumbani, tulichanga tumpe zawadi ambayo mtaani kwetu hakuna aliyewahi kupewa: safari ya meli ya mtoni, siku saba, kutoka Basel hadi Amsterdam kwa mto Rhine, katikati ya Septemba. Wasafiri ni mama na mimi. Bei ya wote wawili ni euro 2,900. Tumeshatoa asilimia 20, salio linatakiwa mwisho wa mwezi huu. Viza ameshapata, ya kuingia mara moja, siku 45. Tiketi ya ndege tumeshakata.

Sasa balaa. Mwenzangu kazini karudi juzi kutoka safari ya kampuni hiyohiyo. Anasema kufikia siku ya nne theluthi ya abiria walikuwa wanatapika na kuharisha, bufee ikafungwa, wahudumu nao wakaanza kulala mmoja mmoja, taulo zikawa zinabadilishwa baada ya siku tatu. Juu ya hayo maji ya mto yalikuwa yamepungua, wakapakiwa kwenye basi siku nzima.

Wiki hii kampuni ikatuandikia. Nimetafsiri mwenyewe: "Kutokana na kina cha maji na upungufu wa wafanyakazi tunalazimika kufanya mabadiliko makubwa. Kituo cha Strasbourg kimefutwa. Kipande cha Mannheim hadi Koblenz kitakuwa kwa basi, na usiku mmoja mtalala hoteli. Usafi wa vyumba utafanyika kila baada ya siku mbili. Unaweza kukubali ratiba mpya, kuchagua safari mbadala ya Danube kutoka Passau hadi Belgrade na kurudi, au kujitoa katika mkataba. Tusipopata jibu hadi Ijumaa tarehe 21 tutahesabu kuwa umekubali."

Nimepiga simu. Dada wa huduma kwa wateja kasema nikighairi sasa napoteza asilimia 20. Dada yangu wa Kigoma ameniambia wazi kwamba nataka kumuua mama, maana ana sukari na presha. Kaka anasema Wazungu wanatapika kila siku na hawafi, na hela yake haijatoka kwenye mti. Mume wangu anasema tuhamie Danube, mto ni mto.

Mama mwenyewe hajui kitu. Tunamficha. Mwaka 2015 alikuwa ndiyo kwanza amestaafu, akaitwa kusaidia wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakiletwa Kigoma kwa meli ya Liemba kutoka kijiji cha Kagunga, kipindupindu kimewashika. Tunaogopa akisikia habari za kuharisha melini hatapanda hata ndege. Kila nikimpigia anauliza jambo moja tu: "Likizo umepewa siku ngapi?"

Nifanyeje, Anti?

Binti wa Ujiji, Mannheim

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na barua ya kampuni, maana ndiyo yenye saa inayokimbia. Mimi nimeisoma mara tatu. Wewe naona umeisoma mara moja, tena roho ikiwa juu, ukaganda kwenye lile basi. Rudi kwenye maneno haya: "au kujitoa katika mkataba". Hapo hujatishwa, umefunguliwa mlango. Sheria ya Ulaya ya safari zinazouzwa kwa kifurushi, ile ya mwaka 2015 ambayo Ujerumani imeiingiza kwenye sheria yake ya mikataba, inasema kampuni ikibadilisha jambo la msingi kabla hujaondoka, una haki ya kukataa, ukajitoa bila faini, na ukarudishiwa ulichokilipa ndani ya siku 14. Yule dada wa simu alikujibu kama anavyomjibu mtu aliyeamka asubuhi akabadili mawazo. Kwa mtu huyo asilimia 20 ni kweli. Wewe hukubadili kitu, wamebadili wao, tena wamejiandikia kwa mkono wao kwamba mabadiliko ni makubwa.

Sasa uangalie ile Ijumaa. Kwetu kimya cha bibi harusi ndiyo ndiyo yake. Kwa sheria ya Kijerumani, kwenye barua ya namna hii, kimya cha mteja nacho ni ndiyo. Tarehe 21 ikipita hujajibu, umeolewa na basi. Na ukishaikubali ratiba mpya, hilo basi na hiyo hoteli vinakuwa sehemu ya mkataba wako. Huwezi kushuka Amsterdam ukaanza kudai kwamba uliahidiwa meli.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni barua pepe, simu wacha. Ukiamua kutoka, mistari mitatu inatosha: namba ya nafasi yenu, kwamba unajitoa kwa sababu ya mabadiliko waliyoyatangaza wenyewe kwenye barua ya tarehe fulani, na akaunti ya kurudishia fedha. Salio usilipe. Wakikuletea mizengwe, hapo Mannheim hukosi ofisi ya Verbraucherzentrale, wale watetezi wa wateja. Nenda na barua mkononi, barua kama hizi ndiyo kazi yao.

Umenielewa, mlango uko wazi. Kama utoke au usitoke, ngoja tuangalie kwanza unachokiacha.

Kipande walichokihamishia kwenye basi unakijua? Ndiyo chenyewe. Kati ya Bingen na Koblenz mto unabanwa na milima, na juu ya kila kilima kuna ngome. Ndipo lilipo jabali la Loreley, ndipo UNESCO ilipopaandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2002. Picha zote za matangazo ya Rhine zinapigwa hapo. Na tatizo la maji liko hapohapo, kwenye mji mdogo wa Kaub, mahali ambapo manahodha wote wa Rhine wanapatazama kama mkulima anavyotazama mawingu. Oktoba 2018 kipimo cha Kaub kilishuka hadi sentimita 25. Agosti 2022 kilifika kama 32. Hicho siyo kina chote, njia yenyewe ya meli ina zaidi ya mita moja chini ya namba hiyo, lakini meli yenye watu 150, jiko na matangi ya maji haipiti hapo kwa raha. Miaka hiyo watu walitembea kwa miguu juu ya mawe ya mto hadi kwenye ngome ya Pfalzgrafenstein, ambayo siku za kawaida iko kisiwani na unaifikia kwa boti. Kipimo hicho kinawekwa hadharani kwenye intaneti kila siku. Kiangalie kuanzia leo, usingoje kuambiwa na muuza safari.

Maana yake, mwanangu, ni kwamba utalipa euro 2,900 umpandishe mama basi linaloanzia mji unaoishi, apite chini ya ngome akiziangalia kupitia dirisha la upande wa barabara. Mimi hapo ningechoka hata kabla ya kufikiria ugonjwa.

Danube ya mumeo nayo ina mtego. Mto ni mto, ni kweli, lakini viza siyo viza. Mama ana ya kuingia mara moja. Passau, Vienna, Bratislava, Budapest, kote huko ni Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, anapita kama anatoka Ujiji kwenda Mwanga. Serbia haimo. Meli ikivuka kuelekea Belgrade, mama atakuwa ametoka Schengen, na ile ruhusa yake moja itakuwa imeisha. Kurudi Hungary kwa viza hiyo hataruhusiwa. Mtu wa miaka 71 kukwama mpakani na begi lake la dawa, kisa kampuni imekupa safari mbadala bila kuuliza pasipoti yako ni ya wapi. Sishangai kwamba hawakuuliza. Wateja wao wengi hawajawahi kuhesabu mara za kuingia. Danube ikate.

Ugonjwa sasa. Hapa nina ushuhuda wa mwili wangu.

Miaka kadhaa nyuma nilipanda meli ya mtoni, Danube, na rafiki yangu wa siku nyingi. Kampuni sitaitaja. Usiku wa pili niliona kitu kidogo: vichupa vya chumvi na pilipili manga vimeondolewa mezani. Nikasema labda vinaoshwa. Asubuhi yake hatukuruhusiwa kujipakulia, unasimama nje ya kamba unaonyesha kwa kidole, kijana mwenye glavu anakuwekea. Mkuu wa wahudumu akasimama kwenye sinki la mlangoni akitutazama tunavyonawa, kama mwalimu wa zamu. Jioni, trei zilikuwa zimepangwa kwenye korido, kila mlango na bakuli lake la supu lenye kifuniko. Nahodha alikuwa bado hajatangaza lolote. Rafiki yangu alianza saa nane usiku, mimi nikamfuata alfajiri. Chumba ni kidogo kuliko sebule yako, watu wawili, choo kimoja. Sitakueleza zaidi, utakuwa umekula.

Vikishaondolewa vichupa vya chumvi, mambo yameanza. Kinachofanya kazi hiyo mara nyingi ni kirusi cha tumbo kinachoitwa norovirusi. Kinachukua kati ya saa 12 na 48 tangu kikuingie hadi kikuangushe, na kwa mtu mwenye afya kinamalizika kwa siku moja hadi tatu. Kaka yako kwa hilo hajakosea sana. Lakini vile vitakasa mikono vya kwenye chupa, tulivyovizoea tangu Korona, havikifanyi kitu cha maana. Kinaondoka kwa sabuni na maji tiririka, na sakafuni kwa dawa ya klorini, jiki ya kwetu. Na mtu aliyepona bado anaweza kuambukiza siku mbili au zaidi baada ya kuacha kutapika. Ndiyo maana meli inayoshusha wagonjwa asubuhi na kupakia wageni wapya jioni, huku wahudumu nusu wamelala na usafi umepunguzwa, inakabidhi ugonjwa pamoja na funguo. Kwenye barua yao kinachonitisha ni ile sentensi ya vyumba kusafishwa kila baada ya siku mbili. Strasbourg ningewasamehe.

Kwa mama yako jambo lina uzito mwingine, na hapa dada yako ana hoja ingawa kaisema kwa ukali. Anayetapika anapoteza maji. Mwenye sukari akipoteza maji, sukari inayumba. Dawa nyingine za sukari na presha, metformini kwa mfano, na vidonge vya kukojoza, madaktari huwaambia wagonjwa wazisimamishe kwa muda wakiwa wanatapika na kuharisha, kwa sababu ya figo. Insulini haisimamishwi kienyeji. Nani anasimamisha nini, hilo aseme daktari wake wa Kigoma, na aandike kwenye karatasi kabla mama hajapanda ndege, awe anakuja kwa meli au anakuja kukaa kwako tu. Ile bima ya viza, ya euro 30,000, isome mahali panapozungumzia magonjwa aliyokuwa nayo tangu kwao. Nyingi zinayaacha nje.

Na ujue kwamba meli hizi za mtoni kwa kawaida hazina daktari. Za baharini zinaye. Za mtoni hutegemea kwamba nchi kavu iko karibu: inapigwa 112, meli inaegeshwa, gari la wagonjwa linakuja. Mchana utaratibu huo ni mzuri. Usiku, kwenye gati ambako meli tatu zimefungwa ubavu kwa ubavu na yenu ni ya nje, mgonjwa anapitishwa kwenye kumbi za meli mbili kabla hajaiona ardhi.

Bima ya kughairi haikusaidii kwenye hili, nikujibu kabla hujauliza. Inalipa mtu akiugua. Hofu haikatiwi bima.

Haya. Katika barua yako yote kuna mtu mmoja mwenye ujuzi wa mlipuko wa ugonjwa, na ndiye pekee mliyemficha. Muuguzi aliyewapokea watu wa Kagunga, ambaye anajua tofauti ya kipindupindu na homa ya tumbo kwa kuangalia ndoo, ninyi mnamlinda na habari za Wazungu wanaotapika! Mama huyo akiambiwa "kuna norovirusi", atakuuliza maswali matano ambayo wewe, kaka na dada hamjayauliza: wangapi, tangu lini, choo kiko wapi, maji ya kunawa yapo, nani anasafisha. Halafu ataamua kwa dakika mbili. Huenda akasema hapandi, huenda akawacheka. Lakini ninyi mmekaa kwenye kikundi cha WhatsApp mnauana kwa ajili yake kama vile ameshakuwa mtoto.

Na lile swali lake la likizo. Nimelisoma nikalirudia. Miaka saba uko huko, hujasema umerudi nyumbani mara ngapi, na sikuulizi. Yeye hajauliza meli ina ghorofa ngapi. Anauliza siku. Tena mtu wa Kigoma meli humtambii nayo: Liemba hiyohiyo ilijengwa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Meli ya Kijerumani aliijua kabla yako.

Mimi ningekuwa wewe ningetoka. Ningejibu kabla ya Ijumaa, ningechukua fedha zote, ningemrudishia kaka sehemu yake atulie, au ningemwomba aiache iwe ya matembezi. Kisha likizo ileile uliyoombea meli unaitumia hivi: siku moja yenye jua mnapanda treni asubuhi hadi Bingen, saa moja na kidogo. Pale kuna boti za kutwa zinazoteremka hadi St. Goar, saa moja na nusu hivi juu ya maji, katikati ya ngome zilezile ambazo wenzenu wenye tiketi ya 2,900 watazipita kwa basi. Boti hizo zinapita mahali ambapo meli kubwa imegoma, ingawa maji yakizidi kushuka nazo hupunguza safari, kwa hiyo angalia siku moja kabla. Mkichoka mnashuka, reli iko kandokando ya mto pande zote mbili. Usiku mama analala kwako, kwenye choo kinachosafishwa na wewe. Siku nyingine Köln, siku nyingine hamwendi popote, anakupikia mgebuka aliokuja nao mkavu kwenye begi.

Akisema anaitaka meli, basi apewe meli, ni zawadi yake. Hapo wajibu kampuni kwa maandishi kwamba mnakubali, na waulize waziwazi safari iliyotangulia yenu imekuwa na wagonjwa wangapi na meli inasafishwa vipi kabla hamjapanda. Chumba kisiwe cha deki ya chini kabisa. Madirisha ya kule hayafunguki na lifti mara nyingi haifiki. Bebeni chumvi na sukari za kuongezea maji mwilini, pakiti kumi, pamoja na sabuni yenu. Lolote likienda kombo, kama maji ya moto hakuna au chumba hakijasafishwa hata ile siku yake, mwambie kiongozi wa safari palepale na umwandikie, upige na picha, kwa sababu sheria inakupa punguzo la bei hata kama kosa si la kampuni, ila haimsaidii aliyenyamaza hadi amefika nyumbani. Kuambukizwa na abiria mwenzako, hilo peke yake ni gumu kulidai. Na usilipe hata senti ya salio kama hujapewa karatasi inayoitwa Sicherungsschein, inayolinda fedha zenu kampuni ikifilisika. Ile asilimia 20 yenyewe walitakiwa wakupe karatasi hiyo kabla ya kuipokea. Itafute kwenye barua pepe zako za mwanzo.

Mpigie leo. Kigoma wako saa moja mbele yenu kipindi hiki, ukitoka kazini saa mbili usiku atakuwa bado hajalala. Mwambie yote, pamoja na vichupa vya chumvi, halafu umjibu lile swali lake: siku ngapi.

Anti